Mbwa Mkubwa wa Ulinzi Katika Nyumba Yenye Watoto Wadogo: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Kaya nyingi changa huhamia katika nyumba zao kabla ujenzi haujakamilika. Vyumba viwili vimeezekwa, madirisha yana nondo, lakini ukuta wa kuzunguka kiwanja bado ni mstari wa matofali ya msingi, na geti ni mabati yaliyofungwa kwa waya. Baba hufanya kazi za zamu na kurudi usiku. Mama hubaki na mtoto wa miaka mitatu na mwingine wa miezi minane. Jirani wa nyumba ya tatu ameibiwa betri ya sola pamoja na kuku. Katika hali hiyo, wazo la kununua mbwa mkubwa wa ulinzi huja upesi, na huwa ni wazo lenye nia njema.

Wazo hilo halistahili kubezwa, lakini pia halipaswi kutekelezwa kabla ya kupimwa. Makala haya yanaeleza mambo ambayo wazazi wanapaswa kuyatazama kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa kosa katika uamuzi huu mara nyingi hulipwa na mtoto, awe wa nyumba hiyo au wa jirani. Kwa kaya nyingi zenye mtoto aliye chini ya miaka sita, jibu la busara huwa ni kusubiri. Zipo kaya ambazo jibu lake ni ndiyo, na tofauti kati ya kaya hizo mbili haitokani na jina la aina ya mbwa peke yake.

Mbwa wanaozungumziwa

Miongoni mwa aina zinazotafutwa sana kwa ajili ya ulinzi ni German Shepherd, Rottweiler na Boerboel. German Shepherd asili yake ni Ujerumani, alikotokana na mbwa wa kuchunga kondoo, na chama cha kumwendeleza kiliundwa huko mwaka 1899. Rottweiler amepewa jina la mji wa Rottweil ulioko kusini mwa nchi hiyohiyo, ambako alitumika kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wauza nyama. Boerboel alikuzwa na wakulima wa Afrika Kusini ili alinde mashamba na mifugo.

Asili hizo zina maana hadi leo. Mbwa wa kuchunga huvutwa na kila kinachokimbia, na watoto hukimbia mchana kutwa. Mbwa wa kulinda shamba husimama kati ya mali na mgeni, na mara nyingi huamua mwenyewe pasipo kungoja amri. Tabia hizo ndizo zinazomfanya afae kwa ulinzi, na ndizo hizo zinazohitaji usimamizi wa mtu mzima kila siku.

Uzito nao ni jambo la kupimwa. German Shepherd dume aliyekomaa huwa na kilo 30 hadi 40, Rottweiler dume kilo 45 hadi 60, na Boerboel dume huweza kuzidi kilo 70. Mtoto wa miaka mitano huwa na takriban kilo 18. Mbwa wa uzito huo hahitaji kuwa mkali ili amwumize mtoto. Akimrukia kwa furaha tu, anaweza kumwangusha kwenye sakafu ya saruji au kwenye jiko la mkaa linalowaka.

Hesabu ya miaka

Wazazi wengi huamini kwamba mbwa akinunuliwa angali mdogo atakua pamoja na mtoto, na wote wawili watazoeana. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, ila husahau kwamba mbwa hukua haraka kuliko binadamu.

Mfano ni kaya yenye mtoto wa mwaka mmoja inayonunua Rottweiler dume wa wiki 8. Mbwa huyo akifikisha miezi minane huwa tayari amekaribia au kuzidi kilo 30, naye mtoto ndiyo kwanza ana mwaka mmoja na nusu na anajifunza kukimbia. Kati ya mwaka wa kwanza na wa pili wa maisha yake, mbwa huanza kuonyesha tabia ya ulinzi kwa ukamilifu: hushuku wageni, hutetea chakula na mahali pake, na hupima ni nani mwenye kauli ndani ya uwanja. Wakati huo mtoto ana miaka miwili au mitatu, umri wa kuvuta masikio ya mbwa, kutumbukiza mkono katika bakuli lake na kumkalia mgongoni. Hivyo vipindi viwili vigumu hukutana katika mwaka mmoja.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni muda. Rottweiler huishi takriban miaka 8 hadi 10, na German Shepherd huweza kuishi zaidi ya hapo. Anayenunua mbwa leo anachukua jukumu litakalodumu hadi mtoto huyo wa mwaka mmoja afike darasa la nne. Katika miaka hiyo kunaweza kuwa na uhamisho wa kazi, kuhama nyumba ya kupanga na kuzaliwa kwa mtoto mwingine. Mbwa mkubwa mwenye miaka minne aliyekosa mwenyewe hapokelewi kwa urahisi na kaya nyingine.

Mtoto wa nyumbani na mtoto wa jirani

Mbwa aliyelelewa vizuri huweza kumtambua mtoto wa nyumba yake na kumvumilia kwa mengi. Utambuzi huo hauwafikii watoto wote. Mtoto wa jirani anayeruka msingi kufuata mpira, binamu aliyekuja likizo, au mtoto aliyetumwa kuomba chumvi, kwa mbwa huyo ni mgeni aliyeingia katika himaya yake. Hata watoto wawili wanaocheza mieleka uwanjani, mmoja wa nyumbani na mwingine wa jirani, wanaweza kumfanya mbwa aingilie kati akidhani kwamba wa kwake anashambuliwa.

Watoto huumwa mara nyingi na mbwa wanayemfahamu, na kwa kuwa ni wafupi, majeraha yao huwa kichwani, usoni na shingoni. Kwa sababu hiyo wataalamu husisitiza kanuni moja isiyo na msamaha: mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata kwa dakika moja, hata kama mbwa huyo hajawahi kumgusa mtu. Kanuni hiyo ni nyepesi kuisoma na ngumu kuitekeleza katika nyumba ambayo mama yuko jikoni, baba yuko kazini na milango iko wazi kwa ajili ya hewa.

Mbwa hutoa dalili kabla ya kuuma, na kila mtu mzima wa nyumba anapaswa kuzijua. Hugeuza uso, hujilamba midomo ilhali hana chakula, hukakamaa mwili, huonyesha weupe wa macho, huinua mdomo na kunguruma. Mbwa anayepigwa kila anaponguruma hujifunza kunyamaza, kisha siku moja huuma pasipo onyo. Angurumapo, aondolewe mtoto kwanza, kisha itafutwe sababu.

Mtoto afundishwe mapema nyakati ambazo mbwa haguswi: anapokula, anapolala, anapougua na anaponyonyesha. Aidha afundishwe kusimama wima bila kukimbia wala kupiga kelele akifuatwa na mbwa asiyemjua. Mtoto wa miaka mitatu husahau mafundisho hayo baada ya dakika kumi, na hiyo ndiyo sababu ya kuzungumzia umri wa miaka sita.

Uwanja, geti na choo cha nje

Kosa linalotokea mara kwa mara ni kununua mbwa kabla ya kumaliza ukuta. Mbwa mkubwa asiye na uzio hubaki katika hali mbili tu, ama azurure mtaani, ama afungwe mnyororo mchana kutwa. Anayezurura huwa tishio kwa wanafunzi, waendesha bodaboda na mifugo ya watu. Anayefungwa siku nzima hujaa hasira na woga, na mtoto anayepita karibu na mnyororo huo ndiye aliye katika hatari.

Banda linalofaa huwa na kivuli, hewa, sakafu isiyotuama maji, maji safi wakati wote, na mlango wenye komeo ambalo mtoto hawezi kulifungua. Mbwa wakubwa huathirika na joto, hivyo banda la mabati lililowekwa juani ni mateso kwao.

Nyumba zenye choo cha nje zinahitaji uangalifu wa pekee. Mbwa wa ulinzi hufunguliwa usiku, na mtoto mwenye haja huamka usiku huohuo. Kaya inayotaka mbwa wa namna hii lazima iwe na utaratibu unaojulikana kwa wote: nani humfungua mbwa, saa ngapi, nani humrudisha bandani kabla ya watoto kuamka, na nani humsindikiza mtoto chooni. Utaratibu usio na jina la mtu hautekelezwi.

Nani hasa atamtunza

Mara nyingi anayemtaka mbwa ni baba, na anayemlisha ni dada wa kazi. Dada huyo huenda ana umri mdogo, hakuulizwa kama anamwogopa mbwa, na anaweza kuondoka wakati wowote. Mbwa wa kilo 50 anayemtii mtu mmoja tu, ambaye hayupo nyumbani kuanzia alfajiri hadi usiku, kwa saa hizo zote hana anayemsimamia.

Mbwa wa ulinzi huhitaji mtu mzima mwenye nguvu za kumshika kwa kamba, mwenye subira ya kumfundisha kila siku, na atakayemtembeza walau mara moja kwa siku. Kati ya wiki ya 3 na takriban wiki ya 14 ya maisha yake ndipo mbwa hujifunza mambo ya kawaida ni yapi: sauti za watoto, pikipiki, wageni wenye mizigo, mvua juu ya bati. Desturi ya kumfungia mtoto wa mbwa asione watu, kwa imani kwamba atakuwa mkali, hutoa mbwa mwoga. Mbwa mwoga huwa hatari kuliko mbwa jasiri, kwani hatofautishi mwizi na mtoto aliyefuata mpira.

Wahenga walinena kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mbwa hufuata tabia ya anayemlea, na kupigwa ovyo humfundisha kwamba mkono wa binadamu ni wa kuogopwa. Mkono wa kwanza atakaokutana nao karibu na mdomo wake huenda ukawa wa mtoto.

Chakula, chanjo na matibabu

Gharama ya kununua ni sehemu ndogo ya gharama yote. Mbwa wa kilo 45 hula takriban nusu kilo ya chakula kikavu cha mbwa kwa siku, yaani kilo 15 kwa mwezi. Anayepikiwa nyumbani hula uzito mkubwa zaidi kwa kuwa chakula hicho kina maji mengi. Ugali wa pumba peke yake haumtoshi; anahitaji dagaa, utumbo au mabaki mengine ya nyama. Mifupa ya kuku iliyopikwa haifai, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha. Vitunguu navyo ni sumu kwake. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa asinenepeshwe ili akue haraka, kwa kuwa uzito wa mapema huharibu viungo, hasa nyonga.

Chanjo dhidi ya magonjwa kama parvo na distempa huanza mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8 na hurudiwa kwa ratiba ya mtaalamu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa afikishapo miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Dawa za minyoo ni lazima katika nyumba yenye watoto, kwa kuwa mayai ya minyoo ya mbwa hukaa katika udongo ambao watoto huuchezea na kisha kutia vidole mdomoni. Kupe na viroboto nao huhitaji dawa mwaka mzima.

Mnunuzi adai kadi ya chanjo, na awaone wazazi wa mbwa huyo, au walau mama yake. Mama mwenye hofu au ukali usio na sababu ni dalili ya kutosha ya kuondoka bila kununua. Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8.

Majirani na sheria

Mbwa ni wa kaya moja, lakini sauti yake, harufu yake na hatari yake huwafikia majirani wote. Ni uungwana kuwaarifu mapema. Katika mitaa yenye wakazi Waislamu, ikumbukwe pia kwamba mate ya mbwa ni najisi, na wafuasi wa madhehebu ya Shafii hutakiwa kuosha mara saba kilichoguswa, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa anayezurura na kulamba vyombo vya jirani au kuingia baraza lake huleta usumbufu ambao mwenye mbwa huenda hauoni.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kumtunza ipasavyo na inakataza ukatili dhidi yake. Mbwa akimjeruhi mtu, mwenye mbwa anaweza kudaiwa fidia. Kuhusu taratibu za kufuga mbwa katika eneo lake, mkazi aulize ofisi ya kata kabla ya kununua.

Maswali saba ya kikao cha familia

Kabla ya kutoa fedha, watu wazima wote wa nyumba, pamoja na dada wa kazi, wakae na kujibu maswali yafuatayo kwa ndiyo au hapana:

1. Je, ukuta au uzio umekamilika, na geti hujifunga?
2. Je, mtoto mdogo kuliko wote nyumbani ametimiza miaka sita?
3. Je, yupo mtu mzima anayeshinda nyumbani ambaye mbwa atamtii?
4. Je, kaya inamudu chakula, chanjo na dawa kwa miaka 10?
5. Je, lipo banda lenye komeo, na mtu anayewajibika kulifunga kila alfajiri?
6. Je, kila mtu mzima wa nyumba amekubali, na hakuna anayeogopa?
7. Je, kaya inatarajia kubaki katika makazi hayo kwa miaka ijayo?

Jibu la hapana katika swali la kwanza, la tatu au la tano linatosha kuahirisha. Hapana katika swali la pili haiwi kizuizi kwa familia yenye uzoefu wa kufuga mbwa na yenye majibu ya ndiyo kwa mengine yote. Kwa familia inayofuga mbwa kwa mara ya kwanza, ni bora kusubiri.

Njia nyingine za ulinzi

Kaya inayosubiri haibaki bila ulinzi. Fedha ambazo zingenunua na kumlisha mbwa kwa mwaka mmoja zinaweza kumalizia sehemu ya ukuta, kuweka kufuli imara na taa ya sola nje. Ulinzi shirikishi wa mtaa nao hufaa zaidi kila kaya inaposhiriki.

Kwa anayehitaji mbwa, yafaa kukumbuka kwamba mwizi hukimbizwa kwanza na kelele, kwa kuwa huamsha watu. Mbwa wa kienyeji, ambaye aghalabu uzito wake ni chini ya nusu ya ule wa Rottweiler, hubweka vizuri, hula kidogo na amezoea hali ya hewa ya hapa. Njia nyingine ni kuchukua mbwa jike mtu mzima ambaye tayari ameishi na watoto na ambaye tabia yake inajulikana, badala ya kununua mtoto wa mbwa ambaye tabia yake bado haijaonekana. Mbwa hao nao huuma, na kanuni zote za usimamizi na chanjo zinawahusu.

Mbwa akimng'ata mtu

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huishia katika kifo. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu duniani hutokana na mbwa. Hata hivyo ugonjwa huu huzuilika endapo hatua zitachukuliwa mara moja:

Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Lisipakwe pilipili, chumvi, mafuta wala dawa za mitishamba. Majeruhi apelekwe kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyohiyo, na akianzishiwa sindano, azimalize kwa ratiba aliyopewa hata kama kidonda kimepona.

Mbwa aliyeng'ata asiuawe kwa hasira wala kutupwa mbali. Afungiwe mahali salama, na taarifa ipelekwe kwa Ofisa Mifugo ili achunguzwe kwa siku 10. Akibaki mzima katika siku hizo, ni ushahidi kwamba hakuwa akiambukiza kichaa alipong'ata. Uchunguzi huo hauwi sababu ya kuchelewesha matibabu ya majeruhi.

Wataalamu wanaeleza kwamba mbwa wasiopungua asilimia 70 katika eneo wakichanjwa, ugonjwa huu hukosa njia ya kuenea. Kila mbwa anayepelekwa kuchanjwa, awe wa bei kubwa au wa kienyeji, humkinga pia mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna mbwa. Tarehe 28 Septemba ya kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na wenye mbwa wanahimizwa kuhakikisha kufikia siku hiyo kadi za chanjo zimekamilika.

Mkazi anayefikiria kununua mbwa wa ulinzi anashauriwa kufika kwa Ofisa Mifugo wa kata yake kabla ya kulipa, akiwa na majibu ya maswali saba mkononi. Mazungumzo hayo huchukua muda mfupi, na kwa baadhi ya kaya yatamaliza jambo kabla mtoto hajampa mbwa jina.